Wendell Aliuliza Mara Mbili

Huku kwetu Sorum, kaskazini kabisa mwa Minnesota, mtu akikuuliza kama utakunywa kahawa unasema hapana. Akikuuliza tena unasema usijisumbue, nimetoka kunywa nyumbani. Akikuuliza mara ya tatu ndipo unasema haya, nusu kikombe basi, na hapo unakunywa mpaka birika linakauka na keki unaimaliza. Ndivyo tulivyolelewa. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi, mara ya pili ni papara, na kumwacha mtu bila kumuuliza mara ya tatu ni kumfukuza kwa adabu. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hili. Kwa hiyo nikikwambia kwamba Wendell Brekke alimuuliza jirani yake mara mbili tu, usimtetee kwamba labda alisahau. Wendell ana miaka hamsini na ushee na amezaliwa hapa hapa. Hakusahau.

Jirani mwenyewe ni Marlys Engen, mjane wa Orrin. Orrin alituacha mwezi wa nne, barafu ya ziwani ikiwa bado haijapasuka. Nyumba ya Marlys na ya Wendell zimetenganishwa na uzio mfupi, na baraza ya mbao ya Marlys, ile ya nyuma, unaiona yote ukiwa umekaa kwenye kochi la Wendell. Kama isingeonekana, labda Wendell angelala vizuri mwaka huu.

Ukitaka kujua baraza ya nyuma ina umuhimu gani, jua kwamba mlango wa mbele kwetu ni wa mchungaji na wa polisi. Watu wote wengine hupita nyuma, kwenye baraza, wakaingia jikoni. Theluji ikianguka, baraza ndiyo njia ya kwenda kwenye gari, kwenye kuni, kwenye pipa la taka. Ikiharibika, umefungiwa ndani kama kuku. Ndiyo maana kila Oktoba Orrin alikuwa akiishughulikia: anaondoa vyungu vya maua, anachokoa majani yaliyokwama kati ya ubao na ubao, anaiosha kwa sabuni, anaiacha siku kadhaa ikauke mpaka ndani, anapigilia misumari iliyochomoza, ndipo anapaka mafuta ya mbao. Mwaka huu Orrin hayupo, na mbao hazijui msiba.

Marlys ana binti mmoja, Renae, anayekaa Minneapolis, mwendo wa nusu siku kwa gari. Tangu mazishi Renae alikuwa akimwambia mama yake ahamie kwake. Walibishana kiangazi kizima kwenye simu, mwisho wakakubaliana hivi: Renae atakuja kabla ya theluji ya kwanza aikague nyumba. Akikuta imejiandaa kwa baridi, Marlys atabaki mpaka barafu iyeyuke, halafu wataongea tena. Akikuta haijajiandaa, Marlys anafunga virago. Marlys alituhadithia jambo hilo kanisani huku akicheka, na kwetu mtu akicheka namna ile ujue anaogopa.

Jumamosi, siku moja kabla ya ukaguzi, jua lilitoka. Wendell alikwenda kutupa taka akamwona Marlys barazani amevaa koti la kazi la Orrin, anavutana na chungu kikubwa cha maua.

"Marlys! Unajiandaa kwa mashindano ya kubeba vyuma?"

"Nimeshashindana, nimekuwa wa mwisho," Marlys akasema, akakiacha chungu palepale kilipomshinda.

"Kumbe Renae anakuja kesho?"

"Kesho, baada ya ibada. Anakuja kunikagua kama jenerali. Ameniambia, Mama, hiyo baraza ikiwa bado kama banda la paka, mwezi huu huu unalala kwangu."

"Basi nije nikusaidie?"

"Aa, wapi! Wewe una mambo yako."

"Sina mambo yoyote. Nije tu nikusugulie."

"Usijisumbue bwana. Wiki nzima unaendesha lile basi, watoto wa shule wanakupigia makelele masikioni. Pumzika."

Kisha Marlys akajinyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye koti la marehemu, akasimama anamtazama. Hakukiinamia tena chungu. Hakuongeza neno. Mtu yeyote wa huku angeuelewa ule mkao: mdomo umemaliza kukataa, sasa unangoja kukubali. Wendell naye aliuelewa. Lakini mpira ulikuwa karibu kuanza, huu mpira wetu wa kubebana na kuangushana, na timu ya chuo ilikuwa inacheza na mahasimu wake. Mkewe Lorna alikuwa amekwenda kanisani na wanawake wenzake kusukuma chapati laini za viazi za mnada wa Novemba. Nyumba ilikuwa yake peke yake, soseji zilikuwa kwenye kikaango, na kochi lilikuwa linamwita kwa jina.

"Haya basi, Marlys," akasema. "Ukikwama nipigie kelele."

"Nitapiga," Marlys akasema.

Marlys hawezi kupiga kelele hata nyumba ikiwaka moto. Hilo pia Wendell alilijua. Akaingia ndani akautazama mpira wake.

Niseme haki, hakuufurahia. Mpira haujaanza vizuri akasikia brashi: kwaruu, kwaruu, kwaruu. Akaongeza sauti ya televisheni. Brashi nayo kama iliongeza. Akainuka akafunga pazia, akijiambia kwamba jua linaingia kwenye kioo cha televisheni, na jua lenyewe lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Soseji zikawa hazina ladha. Akazitia haradali, akazitia kitunguu, akaona ni zilezile, akazila hivyohivyo.

Wakati wa mapumziko alichungulia pembeni mwa pazia kama mwizi. Vyungu vyote vilikuwa vimeshaondoka barazani. Namna alivyoviondoa Marlys anaijua yeye na Mungu wake. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti kwenye gunia, anasugua, maji ya sabuni yanachuruzika kwenye ngazi. Wendell akahesabu kichwani: leo ameosha, basi mbao zitakauka, atapaka mafuta wiki ijayo, na wiki ijayo nitamsaidia. Akajisikia nafuu. Mtu anayetafuta nafuu hakosi pa kuiokota.

Mpira ulipokaribia kwisha akasikia harufu ya mafuta ya mbao.

Akachungulia tena. Marlys alikuwa anapaka. Mbao zilikuwa bado nyeusi kwa maji, na yeye anapaka juu yake, ubao baada ya ubao, kuanzia ngazini akirudi nyumanyuma kuelekea mlangoni. Ubao uliolowa haunywi mafuta. Mafuta hubaki juu, na jalidi, ule umande unaoganda usiku, ikiyakuta hayajakauka yanageuka ngozi inayonata chini na kuteleza juu. Na redio ilikuwa imetangaza tangu asubuhi kwamba usiku ule jalidi ingekuwa kali. Nadhani Marlys naye alijua, maana alimtazama Orrin akifanya kazi hiyo miaka yote ile. Lakini Orrin alikuwa na Oktoba nzima, na yeye alikuwa na Jumamosi moja.

Hapo bado Wendell alikuwa na nafasi. Angefungua dirisha tu aseme, Marlys, weka brashi chini, mwonyeshe Renae baraza safi na kopo la mafuta, hakuna atakayekulaumu. Maneno hayo yalimfika kooni. Lakini ukifungua dirisha na kusema hivyo umekiri kwamba ulikuwa dirishani. Wendell akaona aibu kuonekana ameona. Akarudi kukaa.

Lorna alirudi giza linaanza kuingia, amebeba sahani ya chapati za viazi zilizokunjwa kwa siagi na sukari, unga mpaka kwenye nywele.

"Nimemwona Marlys anaosha brashi," akasema. "Amemaliza baraza?"

"Amemaliza."

"Ulimsaidia nini?"

"Nilimuuliza. Akakataa."

Lorna akavua koti polepole, akalitundika.

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Lorna, nimekwambia nilimuuliza."

"Na mimi nimekuuliza mara ngapi."

"Mbili."

Lorna hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Mbili," akasema. "Mama wa watu, baridi yake ya kwanza bila mume, kesho binti anakuja kumng'oa, na wewe unamuuliza mara mbili kama mtu anayeuza vitabu mlangoni."

"Alisema nipumzike."

"Ukapumzika?"

Wendell akaanza kuondoa sahani ya soseji kwenye kochi.

"Nauliza, baba, umepumzika vizuri?"

"Hapana," Wendell akasema, na hilo ndilo neno la kweli la kwanza kumtoka siku ile.

"Na mpira?"

"Tumefungwa."

"Afadhali." Akamsukumia sahani ya chapati kifuani. "Peleka hizi. Na ukifika huko, sema unachotakiwa kusema."

Wendell akaenda na sahani yake mbele kama ngao. Marlys alifungua mlango wa jikoni kabla hajabisha. Mashavu yalikuwa mekundu, mafuta ya mbao puani, na alikuwa na furaha ambayo Wendell hakuwa ameiona usoni mwake tangu mazishi.

"Usikanyage! Simama hapohapo kwenye ngazi. Tazama!"

Akawasha taa ya nje. Mbao zilikuwa zinang'aa kama sahani iliyopakwa siagi. Wendell akainama akagusa kwa kidole. Kidole kikanata.

"Yote peke yangu," Marlys akasema. "Orrin alikuwa ananifukuza, eti mimi sipaki, nachora. Sasa angeniona! Eh, Wendell, iko vipi?"

Maskini Wendell. Alikuja na maneno yake ameyapanga: haijakauka Marlys, itateleza, kesho tumia mlango wa mbele, na mimi nitaongea na Renae. Alimtazama yule mwanamke na pua yake ya mafuta, akaona kwamba akisema ukweli ataizima furaha yake, na akiizima itabidi aeleze kwa nini hakusema mapema.

"Imependeza sana, Marlys," akasema.

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Ila usiku kutakuwa na baridi."

"Si kawaida yake," Marlys akasema, akapokea chapati.

Nyumbani Lorna alimuuliza kama amesema. Akajibu kwamba ameongea naye. Unaona mtu anavyozama? Hakuna hata neno moja hapo unaloweza kuliita uongo, na yote ni uongo.

Asubuhi kila kitu kilikuwa cheupe: majani, uzio, vioo vya magari. Wendell alivaa tai akiwa amegeuzia dirisha mgongo. Kanisani kiti cha Marlys kilikuwa kitupu. Lorna akamtazama mumewe, kisha akakitazama kiti, kisha akamtazama tena mumewe, na mahubiri yakaendelea bila wao. Ibada ilipokwisha waliondoka kabla ya kahawa. Kwetu mtu akiondoka kabla ya kahawa, watu huulizana nani amekufa.

Gari la Renae lilikuwa limeshafika. Waligonga mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza tangu wajuane na nyumba ile, kwa sababu barazani palionekana wazi ni nini kimetokea. Ule mng'ao ulikuwa umegeuka ukungu mweupe, umekunjamana kama ngozi ya maziwa, na kutoka mlangoni kulikuwa na mburuzo mrefu uliokwisha kwenye ngazi, na kikombe kilichovunjika.

Marlys alikuwa jikoni anakoroga unga wa keki kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa taulo la vyombo pamoja na pakiti ya njegere za barafu, na vidole vilivyochomoza vilikuwa vimevimba na kubadilika rangi.

"Ameanguka alfajiri," Renae akasema. Hakuwa amevua koti. "Alfajiri! Alitoka na kahawa yake kwenda kuitazama kazi yake ilivyopendeza. Hakumpigia mtu simu hata mmoja. Nafika namkuta anapika keki, eti wageni watakuja."

"Si wamekuja?" Marlys akasema.

"Mama, vaa koti. Tunakwenda hospitali."

"Baada ya kahawa. Wendell, kahawa?"

Wendell hakusema hapana, wala hakusema ndiyo. Alilitazama lile taulo.

Renae akageukia dirishani. Huku watu wakitaka kukugombeza hugombeza dirisha. "Jana yote barabara hii nzima ilikuwa wapi?" akaliambia dirisha. "Mtu mzima amepiga magoti barazani siku nzima, na hakuna hata mmoja aliyekuja kushika brashi? Mimi niko mbali, sawa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na hizi za karibu?"

Lorna alivitazama viatu vyake, akimwachia mumewe nafasi. Wendell alifungua mdomo. Lakini Marlys akamtangulia.

"Usimseme Wendell," akasema. "Wendell aliniuliza. Aliniuliza mara mbili."

Renae amekaa mjini tangu amalize chuo, lakini alilelewa kwenye jiko lile lile na mama yule yule. Akaliacha dirisha, akageuka, akamtazama Wendell usoni.

"Mbili," akasema.

"Mbili," Marlys akasema. "Mimi ndiye niliyekataa."

Mpaka leo sijui kama Marlys alikuwa anamficha au anamvua nguo. Wanaomfahamu wanaapa kwamba hana roho hiyo. Mimi nasema mtu aliyevunjika mkono ana haki ya kuwa na roho mbili kwa wakati mmoja.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Daktari alisema atakaa na plasta mpaka baada ya Krismasi, na mtu mwenye mkono mmoja haondoi theluji, habebi kuni, hashiki usukani kwenye barabara ya barafu. Hapakuwa na ubishi tena. Renae alisema baadaye kwamba yeye hakutamka hata neno, ni Marlys mwenyewe, ndani ya gari wakitoka hospitali, aliyesema, "Haya. Nimeshindwa. Nitafunga virago." Akalia kidogo, akaomba wasimame wanunue maboksi.

Wiki ile yote Wendell alikuwa barazani kwa Marlys. Akishusha watoto wa mwisho analirudisha basi gereji, anakuja moja kwa moja na bapa la chuma, anapiga magoti palepale alipopiga Marlys, anakwangua ile ngozi. Ni kazi mbaya. Haitoki kwa kipande, inatoka kwa vinyuzi, inanata kwenye bapa, kwenye glavu, kwenye suruali. Hakuna aliyemtuma. Marlys alikuwa ndani anafunga vyombo kwenye magazeti, na kila jioni alimletea kahawa kwenye ngazi, na kila jioni Wendell aliipokea mara ya kwanza anapopewa, bila kukataa, kama mtu asiye na malezi. Kahawa ile ilimchoma kuliko matusi. Nyumbani alikuwa hali chakula vizuri. Alimwambia Lorna kwamba akifumba macho anasikia kwaruu, kwaruu.

Mji wetu ni mdogo. Siku moja Delmar wa duka la chambo alipunguza mwendo, akashusha kioo cha gari.

"Wendell! Umekuwa fundi siku hizi?"

"Najaribu."

"Ukimaliza hapo njoo na kwangu. Mimi si mgumu, ukiniuliza mara moja tu nakubali!"

Akaondoka akicheka. Wendell aliendelea kukwangua. Alitamani Delmar ashuke ampige kabisa, angalau wangemaliza.

Jumamosi Renae alirudi na gari kubwa la kukodi. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku, nyepesi, na Wendell alikuwa ameifagia tangu mapema, akifuata urefu wa mbao kama inavyotakiwa ili zisikwaruzwe. Chini ya theluji mbao zilikuwa tupu na kavu, rangi ya mkate. Alikuwa amepigilia na misumari. Baraza ilikuwa tayari kwa baridi kuliko ilivyowahi kuwa siku za Orrin, na hapakuwa na mtu wa kuitumia.

Marlys alitoka mlango wa jikoni amevaa koti la kanisani, mkono mmoja umepita kwenye mkono wa koti, mwingine umefungwa kifuani. Renae alikuwa chini anapanga maboksi. Wendell akavua kofia.

"Marlys," akasema, "nisamehe."

"Aa, hakuna cha kusamehe, Wendell."

"Nisamehe, Marlys."

"Achana na hayo. Tazama kazi uliyoifanya. Orrin mwenyewe asingekwangua hivi."

Pale ndipo sisi sote tungeishia. Kahawa huku tunauliza mara tatu, keki mara tatu, lakini msamaha tunaomba mara mbili, tukiambiwa hakuna neno tunavaa kofia na kukimbia, kwa sababu tunaogopa jibu la mara ya tatu. Marlys alikuwa ameshatabasamu lile tabasamu la kuagana. Mlango ulikuwa wazi kwa Wendell kupita, na angepita kwa heshima zote.

"Nisamehe," Wendell akasema mara ya tatu.

Tabasamu likaondoka usoni kwa Marlys.

"Nilikusubiri," akasema.

"Najua."

"Ngoja nimalize, maana umeniuliza. Nilisimama pale nikakutazama machoni. Nikaona umenielewa, Wendell, halafu nikaona unaondoka. Nikasema labda ana jambo, atarudi. Nikawa nasugua kwa nguvu makusudi, ubao mmoja mara kumi, ili usikie. Nikakuona unafunga pazia."

Wendell alikuwa anaisokota kofia mikononi.

"Na jioni ulipokuja nikafurahi. Nikasema, huyu sasa ataniambia kama nimeharibu, tutatafuta la kufanya, yeye ni mtu wa mbao tangu utoto. Nilikiona kidole chako kinanata. Nikakuuliza iko vipi. Mara mbili nilikuuliza. Ukaniambia imependeza."

"Niliona aibu."

"Na mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Alfajiri nikatoka nayo hivyohivyo, na kahawa yangu, kama bibi harusi." Akaugeukia mlango wa jikoni. "Nyumba hii nimezaa humu. Nimemfumba Orrin macho humu. Nilitaka msimu mmoja tu, Wendell. Mmoja. Nijaribu kuwa humu peke yangu nione kama naweza. Sasa sitajua."

Renae alikuwa ameacha kupanga maboksi. Upande wa pili wa uzio Lorna alikuwa amesimama na mfagio mkononi, na hakujifanya anafagia.

"Nitakusamehe," Marlys akasema. "Wewe ni jirani yangu, nitakusamehe tu. Lakini si leo. Leo bado nina hasira nawe, na nina hasira sana."

"Sawa," Wendell akasema, machozi yanamtoka waziwazi, mwanamume mzima, kofia mikononi.

"Haya. Sasa nipe mkono unishushe ngazi. Hizi mbao naziogopa."

Alisema hivyohivyo, wazi, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kuomba chochote bila kukataa kwanza. Wendell akavaa kofia akampa mkono. Marlys akaushika kwa ule wake mzima na kuuegemea kwa uzito wake wote, na uzito wenyewe haukuwa mkubwa. Wakashuka ngazi moja moja, polepole. Mbao hazikuteleza hata kidogo. Chini Renae alikuwa ameshafungua mlango wa gari.